Niliacha chumvi ya dukani, shingo ikanijibu

Mwalimu wetu wa kwaya ndiye aliyegundua kabla ya daktari yeyote. Baada ya mazoezi ya Jumamosi alinivuta pembeni akaniuliza, "Mwalimu, hayo mafua yako mbona hayaishi?" Nimeimba alto tangu niko msichana, lakini miezi ile sauti ilikuwa inakwaruza kama ya mtu aliyekesha msibani. Nikamjibu ni vumbi. Wiki iliyofuata kifungo cha juu cha joho kilikataa kufunga, nikamlaumu fundi.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wenye sukari, hasa sisi wa huku mlimani, kwa sababu nilipoanza masharti ya chakula hakuna aliyenieleza habari ya madini joto, yaani iodini. Na nikisema kweli, mimi ndiye niliyetakiwa kukumbuka. Nimefundisha sayansi ya shule ya msingi zaidi ya miaka 25. Ile sentensi ya kwamba upungufu wa madini joto huleta rovu, ule uvimbe wa shingo, nimeiandika ubaoni kwa mkono wangu sijui mara ngapi.

Sukari yangu iligundulika mwaka 2021, nikiwa na miaka 56. Nilikwenda kupima presha tu, nesi akanitoboa kidole, mashine ikasoma 14. Nikarudi nyumbani Moshi na dawa mbili za sukari, metformini na glibenklamidi, na karatasi ya masharti: punguza sukari, punguza chumvi kwa sababu ya presha, punguza mafuta, nusu ya sahani iwe mboga. Karatasi ilisema "punguza". Mimi nikasoma "acha". Ndivyo nilivyo, nikipewa mtihani nataka alama zote.

Sukari kwenye chai nikaacha siku ile ile. Baada ya wiki mbili nikaacha kiini cha yai, maana nilisikia kina lehemu, nikawa nakula ute mweupe peke yake, chakula cha huzuni kuliko vyote duniani. Maziwa nikaacha kwa sababu jirani aliniambia yana sukari yake ya ndani, jambo ambalo ni kweli, ila hakuniambia kwamba kikombe kimoja hakiui mtu. Samaki wa baharini nikaona bei, nikahamia kwenye dagaa wa Mwanza na perege wa Nyumba ya Mungu. Kabichi ikawa kila siku, mchana na jioni, mara nyingi mbichi kwenye kachumbari.

Ikabaki chumvi. Rafiki yangu mmoja, mtu mwema kabisa, alinishawishi kwamba chumvi nyeupe ya pakiti imejaa kemikali na kwamba wenye sukari na presha wanatakiwa watumie ile ya pinki inayochimbwa miambani. Nikanunua nusu kilo kwa shilingi 9,000, wakati pakiti ya kawaida dukani hata 1,000 ilikuwa haifiki. Nilijinyima vitu vingine ili niipate, na nilijiona mjanja. Ilipoisha na mfuko ukiwa mtupu, nilinunua chumvi ya mawemawe ya kupima kwa kopo sokoni Mbuyuni. Kwenye kiburu na makande mama mkwe aliendelea na magadi yake, kama ilivyo desturi.

Tazama sasa nilichokifanya. Kila kimoja nilikiacha kwa sababu yake, na karibu kila sababu ilikuwa na ukweli kidogo. Lakini chumvi ya pakiti, kiini cha yai, maziwa na samaki wa bahari ndiyo milango ambayo madini joto huingilia mwilini. Nilifunga minne yote, mmoja mmoja, huku nikipongezwa kliniki. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kilishuka kutoka 9.8 hadi 7.1. Nesi alinionyesha kwa wagonjwa wengine, "Mnamwona mwalimu?"

Mwaka na nusu baadaye mambo yakaanza kugeuka. Februari, Moshi inachemka, watu wanalala madirisha wazi, mimi nimevaa sweta na soksi. Choo kikawa kigumu. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Nilikuwa nasinzia ofisini nikiwa na madaftari mbele yangu, na wanafunzi wanajua. Kilichoniumiza zaidi ni uzito: niliongezeka kilo sita huku nikila majani kama mbuzi. Kliniki niliyokuwa naenda waliniambia mbele ya watu kwamba nakula kwa siri. Nilitoka pale nikalia kwenye daladala hadi kituo changu kikapita.

Halafu sukari ikaanza kushuka usiku. Naamka nimelowa jasho, moyo unakimbia, napima nakuta 3.1. Dawa ni zile zile, chakula ni kile kile. Nikawa nalala na kikombe cha juisi kando ya kitanda, mtu mwenye kisukari analala na juisi. Na vijiti vya kupimia, kila kimoja ni hela, viliniishia kabla ya mwezi kuisha.

Binti yangu ndiye aliyenilazimisha kubadilisha daktari. Huyu mpya alikuwa kijana, umri wa mwanangu wa pili. Aliniamkia shikamoo, akasimama nyuma yangu, akaniwekea vidole shingoni na kuniambia nimeze mate. Akarudia. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, nyumbani mnatumia chumvi gani?"

Nikamjibu kwa fahari, ya pinki.

Hakucheka. Aliniandikia vipimo vya homoni za thairoidi, ile tezi ya shingoni, na picha ya shingo. Vyote vilinigharimu karibu 90,000, bima haikugusa hata kimoja, na nililipa kwa hela ya mchezo wa wanawake ambayo ilikuwa na kazi nyingine. TSH, ambayo ni ile homoni ya kichwani inayoihimiza tezi ifanye kazi, inatakiwa iwe kama kati ya 0.4 na 4. Yangu ilikuwa 23. Maana yake kichwa kinapiga kelele na tezi haisikii. Uchovu, baridi, sauti, choo na uzito vyote vilitokea hapo. Hata sukari ya kushuka usiku ina uhusiano: tezi ikilala, mwili huchelewa kuondoa insulini kwenye damu, na dawa inayoishurutisha kongosho itoe insulini, kama glibenklamidi, inakuwa kali kuliko ilivyokusudiwa.

Hapa nataka nisieleweke vibaya. Sitaki mtu akasimulie kwamba chumvi ya pinki ilimpa mwalimu rovu. Mwezi uliofuata nilipima kingamwili, na zikaonekana: mwili wangu wenyewe ulikuwa unaishambulia tezi, jambo linalowapata watu wengi, wanawake zaidi, na wenye kisukari zaidi ya wasio nacho. Daktari alisema hawezi kukata kipande cha lawama akampa kila mmoja fungu lake. Nilipomuuliza kama kuna kipimo cha kunionyesha nimepungukiwa madini joto kiasi gani, akaniambia mkojo hupimwa, lakini kipimo hicho husema kweli kwa kundi la watu. Kwa mtu mmoja hupanda na kushuka kila siku kufuatana na alichokula jana. Alichokuwa na uhakika nacho ni kwamba tezi iliyokuwa tayari inahangaika nilikuwa nimeinyima kitu inachotengenezea homoni.

Bibi yangu mzaa mama, kule Kibosho, alikuwa na rovu kubwa kama chungwa, akilifunika kwa kitenge hata wakati wa jua. Tulipokuwa watoto tuliona ni kitu cha wazee, kama mvi. Sababu yake ni hii milima yenyewe: mvua za miaka maelfu zimeosha madini joto kutoka kwenye udongo wa miinuko na kuyapeleka baharini. Mahindi, ndizi na maharage ya huku yanaota vizuri ajabu, ila hayawezi kukupa kitu ambacho udongo hauna. Ng'ombe naye anakula nyasi za hapa hapa. Ndiyo maana katika miaka ya 1990 serikali iliweka sheria ya kutia madini joto kwenye chumvi, kwa sababu chumvi ni chakula ambacho tajiri na maskini wote wananunua dukani. Nakumbuka mwanzoni mwa ualimu wangu, watoto waliambiwa walete chumvi ya nyumbani kwenye kipande cha karatasi. Afisa afya anadondosha tone, yenye madini inageuka zambarau, isiyo nayo inabaki nyeupe. Nilisimama pale nikiandika majina ya watoto ambao chumvi zao hazikugeuka. Miaka ikapita, nami nikanunua chumvi ya aina hiyo hiyo kwa shilingi 9,000.

Lakini kilichoninyima usingizi hakikuwa shingo yangu. Binti yangu aliyenipeleka hospitali alikuwa na mimba ya miezi minne, na kwa wiki saba mfululizo alikuwa anaishi kwangu, akila kwenye sufuria yangu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito kama 250, kwa sababu ubongo wa mtoto unajengwa kwa homoni za tezi, na miezi ya mwanzo anazitegemea za mama yake. Usiku ule nilikaa jikoni nimeishika ile pakiti ya pinki mkononi. Asubuhi nikamwambia kila kitu. Alinitazama, akasema, "Mama, twende tukapime," basi. Vipimo vyake vilikuwa sawa. Kabla ya kuja kwangu alikuwa anaishi Arusha na mumewe, akila chumvi ya kawaida na mayai kila asubuhi. Mtoto amezaliwa salama, sasa anakimbia na anavunja vikombe. Hata hivyo sijajisamehe sawasawa.

Dawa ya tezi nilianza wiki hiyo: levothairoksini, kidonge kidogo kuliko punje ya dengu. Na hapo nikafanya kosa jingine. Nilikuwa namezea kahawa. Kahawa yetu wenyewe, ya shambani, nakunywa alfajiri kabla sijaongea na mtu. Baada ya wiki nane TSH ilikuwa imeshuka hadi 15 tu. Daktari akauliza namezaje. Nilipomwambia alishika kichwa. Kahawa huzuia dawa isiingie mwilini vizuri, maziwa na soya vivyo hivyo, na vidonge vya chuma au kalsiamu vinatakiwa vikae mbali nayo kama saa nne. Siku hizi nameza saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa maji matupu, kahawa nainywa saa nzima baadaye. Kipimo kilichofuata kilikuwa 4.1.

Jambo jingine ambalo daktari angenificha ningechanganyikiwa: tezi ilipoamka, sukari ilipanda. Nilikuwa asubuhi nasoma 7, nikaanza kuona 9 na 10 bila kubadilisha chakula. Aliniambia mapema kwamba insulini sasa inaondoka kwa mwendo wake wa kawaida, kwa hiyo dawa za sukari zitapangwa upya. Kama unaanza dawa ya tezi na una kisukari, pima mara nyingi zaidi miezi ile ya mwanzo na usikubali kuambiwa unakula kwa siri.

Sasa chakula. Nilidhani nitapewa orodha mpya ndefu, kumbe hesabu yake ni fupi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hiyo ni pamoja na iliyomo kwenye mkate, supu na kila kitu. Chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kilo inakupa mikrogramu 30 katika kila gramu. Piga: gramu 5 ni 150, mahitaji ya siku nzima. Ukila gramu 3 kwa sababu ya presha, ni 90, na zilizobaki utazipata kwenye yai, maziwa na samaki. Kwa hiyo kupunguza chumvi hakugombani na madini joto. Kosa langu lilikuwa kubadilisha chumvi.

Nyumbani tuko wanne. Nimeanza kuandika tarehe kwa kalamu juu ya pakiti ya nusu kilo siku ninapoifungua. Ikidumu mwezi, basi kila mtu anakula kama gramu 4 kwa siku. Zamani, kabla ya sukari, pakiti kama hiyo ilikuwa inaisha wiki mbili, na mume wangu anaongeza mezani. Hii njia ya tarehe imenisaidia kuliko mizani yoyote. Pakiti inatakiwa iwe imeandikwa kwamba ina madini joto, na chumvi yenyewe nimeitoa kwenye lile kopo lisilo na mfuniko lililokuwa linakaa juu ya dirisha karibu na jiko. Joto, jua na unyevu huyapunguza. Sasa iko kwenye chombo chenye mfuniko kabatini, na naitia chakula kikikaribia kuiva.

Mayai nakula mazima, matano kwa wiki, na daktari hana neno. Ute mweupe nimewaachia wenye subira. Maziwa kikombe kimoja au mtindi usiotiwa sukari, nikiyahesabu kama sehemu ya wanga wangu wa mlo ule, na nikijua kwamba ng'ombe wa huku hawezi kunipa madini mengi kama vitabu vya Ulaya vinavyosema. Samaki wa baharini nanunua mara mbili kwa wiki. Vibua vya Tanga vinafika Moshi na ni nafuu kuliko changu au nguru. Nachemsha kwa ndimu, nyanya na tangawizi, au nachoma. Perege na dagaa wa Mwanza sijawaacha, ni chakula kizuri kwa mwenye sukari, ila ni wa maji baridi na kwenye jambo hili wana kidogo. Ng'onda nimeikwepa, chumvi yake inapandisha presha.

Kabichi? Nilikuwa tayari kuipiga marufuku. Kabichi, na zaidi mihogo, vina vitu vinavyoizuia tezi kuchukua madini joto, lakini mtu mwenye madini ya kutosha akila iliyopikwa kwa kiasi haimdhuru. Iliyonidhuru ni mbichi kila siku mara mbili, juu ya tumbo lisilo na madini. Nimerudi kwenye mnafu, mchicha na majani ya maboga, kabichi ikija zamu yake.

Magadi ndiyo vita iliyobaki. Hayana madini joto, yana sodiamu nyingi, na kwa sisi wa ukanda huu ambao floraidi, ile inayoharibu meno ikizidi, tayari iko kwenye maji, yanaongeza nyingine. Mama mkwe wangu ana miaka 84 na makande yake hayajawahi kuwa magumu. Sikuweza kumwambia "mama, acha". Tumekubaliana kuloweka mahindi na maharage usiku kucha, kisha anatia kipande kidogo cha magadi mwenyewe nami nisiangalie.

Na mwani. Nilipoanza kupata nafuu, wifi yangu wa Tanga alinitumia unga wa mwani, akisema ndio mama wa madini joto. Nikaanza kijiko kila asubuhi kwenye uji. Sikumwambia daktari, nikidhani nitamshangaza kwa majibu mazuri. Nilimshangaza kweli: TSH ilikuwa imerudi hadi 9. Kiasi cha madini joto kwenye mwani hutofautiana mno, kinaweza kupita mahitaji mara nyingi, na tezi yenye kingamwili kama yangu ikishindiliwa nayo inazidi kulala. Vivyo hivyo vidonge vya madini joto vinavyouzwa kama virutubisho. Wifi nilimshukuru, unga nikampa jirani mwenye kuku.

Hadi leo nimetumia kwenye vipimo vya tezi peke yake kama laki tatu, na dawa ni ya maisha. Shingo imepungua lakini haijarudi ilivyokuwa. Fundi ameongeza kitambaa kwenye kola ya joho, hakionekani ukisimama safu ya nyuma. Kwenye kwaya nimeanza tena kuimba alto, noti za juu bado nazikwepa. Mwezi ujao napima tena, na ile pakiti niliyoifungua tarehe 3 bado ina chumvi.